Sikumbuki Nilivyopita Ikungi: joto, uchovu na safari ndefu ya pikipiki

Kati ya Manyoni na Singida kuna mji unaitwa Ikungi. Si mahali pa kupita bila kujua: kuna vibao vya spidi 50, kuna matuta, kuna watu wanaovuka na baiskeli zilizobeba magunia. Nilipofika Singida kijana wa sheli akaniuliza kama tochi ya trafiki ilikuwapo pale Ikungi leo. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina cha kujibu. Nilikumbuka Manyoni, nilikumbuka kununua maji, halafu nikakumbuka yale mawe makubwa ya Singida. Katikati hapakuwa na kitu. Bila shaka nilipunguza mwendo, maana tuta halimwachi salama mtu mwenye pikipiki ya cc 150 na mzigo nyuma. Macho yalikuwa wazi na mikono ilifanya kazi yake. Mimi mwenyewe ndiye nisiyekuwapo.

Kilichonitia hofu ni kwamba sikuwa nasinzia, wala sikuwa nasikia joto la ajabu. Ningeulizwa dakika moja kabla, ningesema niko vizuri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza madereva na kujipima mwenyewe kwenye barabara hiyohiyo ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 1,150 hivi, na jambo moja limenikaa kichwani: joto na uchovu hukopeshana. Unakwepa jua kwa kuondoka saa tisa usiku, umeiba usingizi. Unataka kufika mapema ukalale, unaacha kusimama njiani. Ili usisimame, unapunguza kunywa maji. Maji yakipungua, uchovu unakuja mapema. Ushauri mwingi wanaopeana waendesha pikipiki ni mzuri ukiutazama peke yake, ila unalipa deni moja kwa kukopa kwingine. Na wakati wote huo mwili unakwambia kila kitu kiko sawa, kwa sababu ya upepo.

Upepo unavyodanganya

Ndani ya mwili wa mtu mzima kuna nyuzijoto 37 hivi, na ngozi yake mahali penye joto hukaa karibu na 35. Pengo hilo dogo ndilo mlango wa kutolea joto. Hewa ikiwa 28, inapita kwenye ngozi na kuondoka na joto, na ukiongeza mwendo inachukua zaidi. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye foleni ya Kimara na kufungua ekseleta anajisikia kama amezaliwa upya. Hewa ikifika 35, mlango umefungwa. Ikizidi hapo, upepo unageuka: sasa hewa ndiyo inayoupa mwili joto, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyomiminiwa. Aliyewahi kukaa chini ya draya la saluni anaelewa; upepo upo, lakini hakuna anayekwenda kupunga hewa mle.

Kinachobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi, joto ambalo lingetosha kuchemsha maji ya bombani karibu lita saba na nusu. Hakuna mashine ya kupoza iliyo nzuri kuliko hiyo. Ila neno la kushika hapo ni "ikikauka". Jasho linalodondoka chini limepotea bure, na jasho linalokauka kwa kasi mno linakuacha bila maji kabla hujajua kwamba unatoka jasho.

Mpanda pikipiki yuko kwenye hali hii ya pili. Anayelima anaona jasho likimtiririka, anajua akanywe maji. Wewe uko kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo unalikausha linapotokea tu, unafika ukiwa mkavu na unajisifu kwamba leo hali ya hewa ilikuwa nzuri. Siku ile ya Ikungi nilikuwa nimevaa fulana nyeusi, na mama ntilie wa Manyoni alinitazama mgongoni akauliza, "Kaka, umemwagikiwa unga?" Nilicheka, nikadhani ni vumbi. Nilipoivua jioni niliona mistari myeupe palipopita mikanda ya begi na kwenye makwapa, imejichora kama ramani. Ilikuwa chumvi. Maji yake yalikuwa yameshabaki barabarani.

Baadaye nilijaribu kupima. Kwenye stendi za mikoani hukosi mtu aliyekaa na mizani yake ya kupima uzito kwa senti kidogo. Asubuhi Dodoma nilikuwa kilo 74. Mchana Singida, nguo zilezile, kilo 72, na njiani nilikuwa nimekunywa lita nzima. Mizani ni mbili tofauti na siwezi kuiapia mizani ya stendi, lakini hata nikiisamehe nusu kilo, lita mbili na nusu zilinitoka kwenye kilomita 240 na sikuona hata tone. Mtu akipungukiwa maji kwa asilimia 2 ya uzito wake, umakini huanza kuyumba na maamuzi yanakuwa mazito. Kwa kilo zangu 74, hiyo ni kilo moja na nusu tu.

Hapa ndipo joto linapogeuka kuwa uchovu. Mwili ukitaka kupoa, hupeleka damu nyingi kwenye ngozi. Wakati huohuo jasho limepunguza maji ya damu yenyewe. Moyo unabaki na kazi ya kuzungusha damu pungufu kwenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo unakimbia, hali wewe umekaa tu kwenye kiti. Watu wa nyumbani hushangaa: "Umekaa siku nzima, umechokaje?" Umekaa, ndiyo, lakini moyo wako umepanda mlima.

Joto si moja

Kosa linalofuata ni kudhani kwamba dawa ya joto ni moja kila mahali, na kwamba dawa hiyo ni kuvua jaketi. Kwenye safari moja ya kutoka pwani kwenda bara unapita kwenye joto la aina mbili, na linalosaidia kwenye la kwanza linaharibu kwenye la pili.

Joto la pwani ni la unyevu. Dar es Salaam, Desemba hadi Machi, hewa imeshiba maji. Jasho linatoka lakini halina pa kwenda, linadondoka tu. Huko kulowesha nguo ni kazi bure, kwa sababu maji uliyojimwagia hayatakauka kama ambavyo jasho lako halikauki. Kinachosaidia ni hewa kupita: jaketi la wavu, zipu wazi, na kutosimama. Kinachoumiza ni foleni. Robo saa pale Mbezi au Kibaha, jua kichwani, injini inachemsha mapaja, umevaa jaketi la mvua kwa sababu ndilo pekee ulilonalo, inakuchosha kuliko saa nzima ya mwendo. Ukitaka kuokoa nguvu kwenye safari nzima, okoa hapo: toka mjini kabla mji haujaamka.

Ukishapita Morogoro na kuanza kuitafuta Gairo, hewa inabadilika. Midomo inapasuka, kamasi zinakauka. Dodoma, Singida, Shinyanga, hasa Septemba hadi Novemba kabla mvua hazijaanza, joto kwenye kipimo linaweza kuwa lilelile la Dar, lakini ni kavu. Huku maji ni dhahabu. Lowesha fulana ya pamba mpaka ichuruzike, ivae, vaa jaketi juu yake, na hapa ndipo watu wanaponibishia: funga zipu, acha uwazi kidogo tu shingoni na mikononi. Unataka fulana ikauke polepole. Nimejaribu kwa njia zote mbili. Fulana niliyoilowesha Bahi nikaacha jaketi wazi ilikuwa imekauka kabla ya Kintinku. Niliyoilowesha palepale nikafunga jaketi ilinipandisha mpaka karibu na Manyoni, saa nzima hivi, mgongo ukiwa baridi kama niko ndani ya mtungi. Kanga iliyolowa ukiizungushia shingoni nayo inafanya kazi nzuri, mradi ncha zake umezichomeka ndani. Kitambaa kinachopepea karibu na gurudumu la nyuma ni hatari kuliko jua.

Kuvua jaketi kabisa kwenye joto kavu kuna raha ya dakika tano. Baada ya hapo jua linapiga ngozi moja kwa moja, upepo unakomba jasho haraka kuliko linavyohitajika, na kama utaanguka, lami haitakuuliza kulikuwa na joto kiasi gani.

Joto la tatu Tanzania hatulioni sana, lakini jirani zetu wanaoendesha kwenda Garissa, Lodwar au Mandera wanalijua, na wenye ndugu Maskati wamelisikia kwenye simu: hewa yenyewe imezidi ngozi, 38, 40, na kule Oman hata zaidi ya 45. Kwenye hewa hiyo unajifunga zaidi badala ya kujifungua. Kioo cha helmeti chini, matundu ya jaketi yamefungwa, nguo ya ndani imelowa, na safari ni fupi. Oman sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, miezi ya Juni hadi Agosti. Nikiambiwa na nchi ya watu waliozaliwa jangwani kwamba saa hizo si za mtu kuwa nje, mimi wa Tabata sina la kuongeza.

Watu huniuliza pia juu ya rangi ya jaketi. Nyeupe inashinda nyeusi, hasa ukisimama juani. Ukiwa kwenye mwendo tofauti si kubwa kama inavyosemwa vijiweni.

Jambo ambalo halisemwi vijiweni ni kuzoea. Mwili ukikaa kwenye joto siku saba hadi kumi na nne hubadilika: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema zaidi na linatoka na chumvi pungufu. Mtu wa Njombe au Makete anayeshuka kwenda Dar kwa pikipiki hana mwili huo. Anaweza kuwa na nguvu kuliko mimi na bado nikamzidi siku hiyo. Asijipime na wenyeji.

Maji, chumvi na kibofu

Wengi tunakunywa kidogo makusudi ili tusisimame kukojoa. Nimefanya hivyo miaka, nikijiona mjanja. Sasa nafanya kinyume: kibofu ndiyo saa yangu. Kikinisimamisha kila saa moja na nusu, najua maji yanatosha na najua nimeshuka kwenye kiti, mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Nikipita saa nne bila haja, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, najua nimeshachelewa.

Nusu lita kabla ya kuondoka, kisha mafundo machache kila unaposimama, ni bora kuliko kumaliza chupa ya lita moja na nusu kwa pumzi moja pale Dodoma. Tumbo halipokei maji kwa kasi unayoweza kuyameza. Hata kwenye joto kali usizidi lita moja na nusu kwa saa, maana kuna shimo la upande wa pili: maji matupu mengi, siku nzima, bila chakula, yanaizimua chumvi ya damu. Na dalili zake zinafanana na za kukosa maji, kichwa kuuma na kichefuchefu, kwa hiyo mtu anazidi kunywa.

Chumvi hairudi kwa maji. Pakiti za ORS kwenye duka la dawa, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, si za watoto wa kuhara peke yao. Mimi hubeba mbili. Ukizikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, inatosha kabisa. Dafu ni zuri na nalipenda, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo lisindikize na karanga au korosho za chumvi. Mwenye shinikizo la damu au matatizo ya figo asinifuate mimi kwenye habari za chumvi. Amuulize daktari wake kabla ya safari.

Saa nane mchana

Saa ya mwili ina mabonde mawili. La kwanza ni kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri, na kila mtu analijua. La pili ni saa nane hadi saa kumi alasiri, na hili tunalisingizia ugali. Ugali unachangia, hasa sahani ya Kibaigwa iliyojaa mpaka ukingoni, lakini hata asiyekula chochote anashuka saa hizo.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyojipanga kwa anayekwenda Mwanza. Jua lina ukali wake wa juu mchana, na hewa inafikia kilele cha joto saa nane au tisa. Usingizi unashuka saa hizohizo. Maji uliyopoteza tangu asubuhi yameshafika kiwango cha kuyumbisha. Na barabara inaelekea magharibi na kaskazini-magharibi, kwa hiyo jua lililokuwa mgongoni asubuhi sasa liko kwenye kioo cha helmeti, unakunja uso saa tatu mfululizo. Kati ya Manyoni na Singida barabara ni nzuri, imenyooka, haina la kukuamsha. Mimi nilipita Ikungi saa tisa kasoro. Leo hainishangazi hata kidogo.

Kinachotokea hapo kinaanza na akili kujitoa na kuuachia mwili uendeshe kwa mazoea, kama ilivyonitokea. Hatua inayofuata ni usingizi wa sekunde mbili tatu ambao mwenyewe huujui, macho yanaweza hata kuwa wazi. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, na hakuna mtu kwenye usukani. Gari linaweza kuacha njia likasimama kwenye majani. Pikipiki haina subira hiyo.

Ndiyo sababu sipendi ule ushauri wa "ondoka saa tisa usiku ukwepe jua". Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature kipimo rahisi: waliwakesha watu, wakalinganisha utendaji wao na walivyofanya siku nyingine wakiwa wamekunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefika saa 24, sawa na 0.10. Amka saa tisa usiku, na saa mbili usiku uko kwenye saa ya 17, labda uko unatafuta gesti Nzega. Kuanza safari kwenye bonde la kwanza la usingizi, gizani, na malori yaliyoharibika yakiwa yameegeshwa bila taa na matawi tu yamewekwa nyuma yake, ili ukwepe joto ambalo ungeweza kulikwepa kwa kulala mchana, ni biashara ya hasara.

Nilifundishwa na mzee mmoja dereva wa semi pale Gairo. Nilikuwa najimwagia maji usoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapo unaosha uso tu. Njoo ulale." Alikuwa ametandika mkeka chini ya tela. Ukweli ni kwamba maji usoni, kuimba, kupandisha kioo cha helmeti, muziki wa kelele, vyote vinakupa dakika chache. Kitu kinacholipa usingizi ni usingizi.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ukipitiliza nusu saa unaingia kwenye usingizi mzito na unaamka umelewa, kwa hiyo tegesha simu. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, basi inywe kabla ya kulala, siyo baada: unaamka, nayo ndiyo inafika. Kopo la mililita 250 la vile vinywaji vya kuongeza nguvu huwa na miligramu 80 hivi za kafeini, sawa na kikombe cha kahawa, pamoja na sukari ambayo baadaye inakushusha. Havina dhambi, ila watu wanavitumia badala ya kulala. Na vikinywewa saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini bado iko kwenye damu saa tatu au nne usiku, unajigeuza kitandani, na kesho unaanza na deni. Mirungi, ambayo Tanzania ni haramu na Kenya inauzwa hadharani, inafanya jambo baya zaidi: inaficha usingizi na njaa kwa pamoja, halafu vinarudi vyote siku moja.

Kitu kidogo ambacho kimewaangusha wengi ni Piriton. Mtu ana mafua, anameza kidonge cha bei chee asubuhi, anapanda pikipiki. Dawa za jamii hiyo zinaleta usingizi na zinapunguza jasho, yaani zinakupiga kwenye madeni yote mawili kwa kidonge kimoja. Kama una mafua ya kuhitaji dawa, ahirisha safari au muulize mfamasia dawa isiyolewesha.

Kelele nazo zinachosha, ingawa hakuna anayezihesabu. Upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu unafika desibeli 90 na kupita, kiwango ambacho kiwandani ungepewa vizibo vya masikio. Vile vya sponji vinavyouzwa bei ndogo vilinibadilishia safari kuliko kiti kipya nilichokigharimia. Honi za mabasi bado unazisikia, tena vizuri zaidi kwa sababu mvumo umepungua. Mtetemo wa injini ndogo unatia ganzi vidole. Kuushika usukani kwa nguvu kunaongeza ganzi, kwa hiyo legeza mikono na ubane tangi kwa magoti.

Likishakukamata

Dalili za kwanza ni za kipuuzi, na ndiyo ubaya wake. Unakosea gia. Unakasirikia lori ambalo halijakukosea. Unahesabu kilomita zilizobaki kila baada ya dakika mbili. Unapita sheli uliyopanga kusimama kwa sababu "bado niko sawa". Mimi dalili yangu ni hiyo ya hasira. Nikianza kugombana na watu wasionisikia, nasimama.

Baadaye kinakuja kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu kukaza, moyo kwenda mbio. Kwetu mtu mwenye hali hiyo atakwambia ni malaria, atanunua dawa na kuendelea na safari. Inaweza kuwa malaria kweli, na kama homa ipo kesho yake kapime. Lakini mtu aliyekuwa mzima asubuhi na ametoka kuendesha saa sita juani, kwanza mtoe juani, mvue helmeti, jaketi na viatu, mloweshe, mpe maji yenye chumvi na sukari, na siku hiyo haendeshi tena.

Akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kutojua yuko wapi, au akizimia, hilo ni jambo jingine kabisa. Joto la ndani limepita 40 na ubongo unaungua. Anaweza kuwa mkavu, anaweza kuwa bado anatoka jasho. Usisubiri akauke ndipo uamini. Mmwagieni maji mwili mzima, yoyote yaliyopo, hata ya kunyweshea ng'ombe, na mmpepee bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Kupoza kunaanza palepale, kabla ya safari ya hospitali na wakati wa safari. Msimnyweshe kitu kama hana fahamu kamili, atapaliwa. Paracetamol haisaidii hapa, kwa sababu hii si homa.

Kama mko wawili, kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba akisema mmoja "tusimame", mnasimama bila mjadala. Aliyeishiwa maji ndiye wa mwisho kujua, na ndiye mbishi kuliko wote.

Mimi sasa safari ya Mwanza naigawa siku tatu. Vijana wananicheka, wao wanaimaliza kwa mbili. Siku ya kwanza Dodoma, kilomita 450, naondoka kunapopambazuka. Ya pili nalala Singida, kilomita 240 tu, na naingia kabla ya saa sita mchana. Ni siku fupi makusudi, kwa sababu mwili wa siku ya pili ndio unaodai. Ya tatu nashuka Sekenke asubuhi na baridi, naikata mbuga ya Wembere jua halijakaza, na saa sita hivi niko Nzega. Hapo nasimama mpaka saa tisa na nusu, nipende nisipende, nikijisikia vizuri au vibaya, maana Ikungi nilikuwa najisikia vizuri. Kivuli ninachokitafuta ni cha mwarobaini au mwembe. Mibuyu ya njiani ni mizuri kwa picha, lakini kiangazi haina jani hata moja, inakupa kivuli cha upana wa shina.

Safari iliyopita nililala nyuma ya kibanda cha chai, baada ya kumwomba mama mwenye kibanda aitazame pikipiki. Funguo mfukoni, helmeti chini ya kichwa, kofia usoni, miguu juu ya begi. Nilikuwa bado sijazama vizuri niliposikia miguu ya watoto ikisimama karibu yangu.

"Amekufa?" mmoja akauliza.

Kimya kidogo. Nadhani mwingine aliinama.

"Hapana, anakoroma. Twende."